Sir Edward Bullard: Mwanasayansi aliyepima uvutano wa ardhi ya Bonde la Ufa

Miamba ya volkano iliyotoka Mlima Meru na milima jirani imefunika sehemu kubwa ya ardhi inayolizunguka Jiji la Arusha. Katika Bonde la Ufa, chini ya miamba ya aina hiyo huweza kufichika mabonde ya kale yaliyojaa mashapo, ambamo mafuta na gesi hutafutwa. Miongoni mwa waliotangulia kuichunguza ardhi ya ukanda huu bila kuichimba ni Sir Edward Crisp Bullard wa Uingereza.

Bullard alizaliwa mjini Norwich tarehe 21 Septemba, 1907, katika familia ya watengenezaji wa bia. Alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1931 akajiunga na idara ya jiofizikia ya chuo hicho. Miaka michache baadaye alisafiri hadi Afrika Mashariki akiwa na pendulo zake.

Pendulo hubembea haraka zaidi pale nguvu ya uvutano inapoongezeka. Miamba mizito huongeza uvutano, ilhali mashapo mepesi huupunguza. Tofauti hiyo ni ndogo mno, hivyo muda wa kila mbembeo ulihitaji kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Mjerumani Ernst Kohlschütter alikuwa ametangulia kufanya vipimo vya namna hiyo katika koloni la Ujerumani, mwaka 1899 na 1900.

Mwaka 1936 Bullard alichapisha matokeo yake, yaliyoonesha kuwa uvutano hupungua katika Bonde la Ufa. Alieleza kuwa sakafu ya bonde ilikandamizwa chini na ardhi inayosukumana kutoka pande mbili. Maelezo hayo yalikataliwa baadaye, ilipobainika kuwa ardhi ya bonde hilo inavutwa na kuachana. Vipimo vyenyewe, hata hivyo, vilibaki kuwa sahihi, na kanuni yake ya kusahihisha hesabu za uvutano kulingana na mviringo wa Dunia ingali ikitumika.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishughulikia ulinzi wa meli dhidi ya mabomu ya sumaku yaliyotegwa baharini. Alitunukiwa hadhi ya Sir mwaka 1953. Mwaka 1965, yeye na wenzake wawili walitumia kompyuta kuonesha jinsi mabara ya pande mbili za Atlantiki yanavyoshikamana. Alifariki dunia California, Marekani, tarehe 3 Aprili, 1980.

Leo uvutano hupimwa hata kwa ndege. Njia hiyo ina manufaa hasa pale tabaka za volkano zinapovuruga mawimbi ya mitetemo. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limeendelea na utafiti katika bonde la Eyasi-Wembere, ambalo sehemu yake imo mkoani Arusha. Uvutano peke yake hauthibitishi kuwepo kwa mafuta. Huelekeza mahali pa kufanyia uchunguzi wa mitetemo na hatimaye uchorongaji. Matumaini ya ukanda huu yaliongezeka mwaka 2006, Uganda ilipogundua mafuta kando ya Ziwa Albert, katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa.