Adrian Atiman: Daktari na Katekista wa Karema

Waamini wengi wa mikoa ya Rukwa na Katavi hulitaja jina la Atiman kila wanapompeleka mgonjwa hospitalini Sumbawanga. Hospitali ya Jimbo ina jina hilo, na watoto wetu wamezaliwa humo. Hata hivyo, tukiulizana Atiman alikuwa nani, wengi wetu tunanyamaza. Wapo wanaodhani alikuwa padri wa Kizungu, na wapo wanaodhani ni jina la mfadhili fulani wa ng'ambo. Tumeona vema basi tusimulie maisha ya mtu huyu, Mwafrika na mlei, mume na baba wa familia, aliyelitumikia taifa la Mungu katika ukingo wa Ziwa Tanganyika kwa muda wa miaka 67.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, kandokando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi tunayoiita leo Mali. Nyakati zile misafara ya watumwa ilikuwa ikivuka jangwa la Sahara kuelekea kaskazini, kama ambavyo misafara mingine ilivyokuwa ikitoka nchi za maziwa yetu kwenda pwani. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa, akatengwa na wazazi wake, akauzwa, na kupitishwa jangwani pamoja na bidhaa nyingine za wafanyabiashara. Safari ile ilikuwa ya majuma mengi katika mchanga na jua kali, na wengi hawakufika mwisho wake. Atiman alifika. Hakurudi tena kuishi katika nchi ya wazazi wake.

Katika mji wa Metlili, kusini mwa Algeria, Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kwetu kama Mababa Weupe, walimkomboa kwa fedha. Shirika hilo lilikuwa changa bado, kwa maana lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Mwaka 1876 Mapadre watatu wa Shirika hilo waliuawa jangwani walipokuwa njiani kuelekea Timbuktu. Hawakuwahi kuifikia nchi alikozaliwa mtoto huyo. Lakini mtoto wa nchi hiyo alikuwa tayari anaelekezwa na Maongozi ya Mungu kwenda kuwa baraka kwa watu wengine, mbali sana na Niger.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Kumnunua mtu ili kumpa uhuru ni jambo linaloudhi masikio ya watu wa leo, na ni haki liudhi. Hata wakati ule wapo walioonya kwamba fedha za kuwakomboa watoto zingeweza kuwatia hamu wafanyabiashara wateke watoto wengine. Lavigerie mwenyewe alitambua kwamba dawa ya kweli ni kuikomesha biashara yenyewe, na mwaka 1888 alizunguka katika miji mikuu ya Ulaya akiwahimiza watu na serikali zao dhidi ya utumwa. Lakini mtoto mmoja aliyeko sokoni leo hawezi kungoja mikutano ya wakubwa. Wale Mapadre walichagua kumwokoa huyo waliyemwona kwa macho yao.

Atiman alipelekwa kaskazini, akalelewa pamoja na vijana wengine waliokombolewa. Alifundishwa kusoma na kuandika, akajifunza Kifaransa, na baada ya mafundisho ya dini akabatizwa kwa jina la Adrian. Hakubatizwa kwa haraka. Lavigerie aliwawekea wamisionari wake sheria ya ukatekumeni wa miaka minne, kwa kuwa aliamini kwamba imani isiyotiwa mizizi hukauka jua la kwanza linapochomoza.

Lavigerie alikuwa na wazo jingine, na ndilo lililoamua maisha ya Atiman. Aliona kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe. Mzungu, hata akiwa mtakatifu, angebaki mgeni, tena homa ingemmaliza upesi. Akatafakari ni kazi gani ingempa Mwafrika Mkristo nafasi ya kupokelewa katika kila kijiji, bila kuwa mzigo kwa mtu na bila kutegemea mkono wa misioni kwa kila kitu. Jibu lake lilikuwa uganga. Mahali popote Afrika, mwenye kujua kuponya hufunguliwa mlango hata usiku wa manane. Kwa sababu hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, ili vijana Waafrika wasome utabibu katika Chuo Kikuu cha huko na kuandaliwa kuwa madaktari-katekista. Alisisitiza wasigeuzwe kuwa Wazungu katika mavazi, chakula na makazi, ili watakaporudi Afrika wasijione wageni miongoni mwa ndugu zao.

Atiman alikuwa mmoja wa vijana hao. Tunaweza kujiuliza kama aliulizwa vya kutosha anataka nini. Wakubwa wake ndio waliochagua masomo yake, na ndio waliochagua nchi ya kumtuma. Mtu aliyekombolewa kutoka utumwani anaweza kubaki katika deni la shukrani ambalo nalo ni mnyororo wa aina yake. Hatupaswi kulificha jambo hili tunapowasifu wamisionari wetu wa kwanza. Jibu tunaloliona ni katika maisha aliyoishi baadaye: mtu anayetumwa bila kupenda hakai miaka 67 mahali palepale.

Mwaka 1888, baada ya kuhitimu masomo, Atiman aliondoka pamoja na msafara wa Mababa Weupe. Walipitia Zanzibar, wakavuka kwenda bara, kisha wakashika njia ya misafara ya wapagazi kuelekea magharibi. Njia hiyohiyo, kwa upande mwingine, ndiyo iliyokuwa ikiwaleta watumwa na pembe za ndovu pwani. Tufikirie moyo wa kijana aliyewahi kutembezwa mateka, sasa akitembea kwa miguu yake katika barabara ya mateka, akiwa amebeba dawa. Mwaka 1889 alifika Karema.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa kando ya ziwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa chama kilichokuwa chini ya Mfalme Leopold. Mwaka 1885 Mababa Weupe walikabidhiwa ngome hiyo, nao wakaifanya makao ya misioni. Kuizunguka waliishi Wabende wenyeji wa nchi, pamoja na watu wengi waliokimbia vita au waliokombolewa kutoka utumwani. Wapo waliofika wakiwa mifupa mitupu. Wapo walioletwa na majeraha ya minyororo shingoni na vifundoni. Huyo ndiye mgonjwa wa kwanza wa Atiman, na bila shaka alimfahamu kuliko Padri yeyote aliyekuwapo pale, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameipitia njia ile.

Hakukuwa na hospitali kama tunavyoijua sasa. Hakukuwa na maabara, wala umeme, wala daktari mwingine wa kumwuliza katika eneo kubwa sana. Mizigo ya dawa ilitegemea mabega ya wapagazi kwa miezi kadhaa kutoka pwani, na dawa zilipokwisha ilibidi kungoja. Atiman alitibu homa kwa kwinini, alichanja watu dhidi ya ndui, alisafisha majeraha, alikata viungo vilivyooza, na aliwashona waliojeruhiwa na wanyama wa porini. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea katika nchi za kandokando ya ziwa, ukabomoa vijiji vizima. Watu walilala na hawakuamka, na daktari alikuwa na kidogo sana cha kuwapa. Alibaki nao hata hivyo.

Jambo moja linatufaa sana sisi wa leo. Atiman, msomi wa Chuo Kikuu, hakuzidharau dawa za wenyeji. Alijifunza mitishamba ya nchi ile, akachunguza ni ipi inayosaidia kweli, akaitumia pamoja na dawa za kizungu. Lakini kwa ramli na uchawi hakuwa na nafasi. Alijua kutenganisha mzizi unaoponya na hofu inayouzwa pamoja na mzizi huo. Katika siku zetu, ambapo waamini wengine hutoka Misa asubuhi na jioni hupiga hodi kwa mpiga ramli kutafuta aliyewaroga, na wengine hutupa vidonge vyao kwa sababu mhubiri fulani amewaambia wamepona, mfano wake unatupa njia iliyonyooka: kuheshimu maarifa, kuheshimu hekima ya wazee, na kumwabudu Mungu peke yake.

Huko Karema alioa binti wa Kibende aliyeitwa Agnes. Ndoa hiyo ilimfanya mgeni huyu kuwa mtu wa nyumbani. Alipata shemeji, wakwe na watani, akawa mwenyeji katika vijiji ambavyo hapo kwanza alikuwa ni mtu aliyeshuka na msafara. Mungu aliwajalia mwana, Joseph, ambaye baada ya malezi marefu ya seminari alipewa Daraja Takatifu ya Upadri mwaka 1923, akiwa miongoni mwa Mapadre wazalendo wa mwanzo katika nchi hii. Fikirini, wapendwa: mtoto aliyeuzwa kama kitu sokoni amekuwa baba, na mwanawe anasimama altareni akiwaita watu wote ndugu. Kwa kizazi kimoja tu Mungu alikuwa ameyafuta machozi ya jangwani.

Tusisahau kwamba Atiman alikuwa katekista vilevile, na cheo hicho hakikuwa pambo. Alipokwenda kumtibu mgonjwa katika kijiji cha mbali, aliketi pia na watu wa nyumba hiyo na kuwafundisha. Alipomwona anayekaribia kufa, alimwandaa. Hakufanya uponyaji kuwa chambo cha kuwavuta watu kwenye dini, maana aliwatibu Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi kwa mikono ileile. Lakini pia hakuficha ni nani aliyemtuma. Mfano wa Msamaria Mwema, tunaousikia kila mara kanisani, aliuishi barabarani akiwa na mfuko wa dawa begani.

Serikali zilibadilika mbele ya macho yake. Alifika wakati Wajerumani ndio wanaanza kuingia, akawaona wakitawala, akaiona vita ya kwanza ya dunia ikipiganwa hadi katika maji ya Ziwa Tanganyika, akawaona Waingereza wakishika nchi. Maaskofu walifika, wakazeeka, wakazikwa. Mapadre aliowapokea wakiwa vijana aliwauguza uzeeni. Daktari alibaki Karema. Mwaka 1946 simulizi la maisha yake mwenyewe lilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na kwa njia hiyo watu wa mbali wakamfahamu. Nishani za heshima nazo zilimfikia akiwa mzee. Alifariki dunia mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka takriban 90.

Karema aliyoitumikia imekuwa mama wa mengi. Kutoka misioni ile imani ilipanda nyanda za juu za Ufipa na kusambaa hadi Mpanda. Mbegu zile zilimwagiliwa na Mapadre, Watawa na makatekista wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Jina la Atiman limeandikwa ukutani mwa hospitali, nasi tunaona ni vema, kwa sababu linawawakilisha wote hao.

Basi, tunajifunza nini? Kwanza, umisionari haukuletwa kwetu na Wazungu peke yao. Mwafrika wa Mali, aliyesomeshwa Malta, alitupatia sisi wa Tanganyika uzima wa mwili na wa roho. Tunapoombwa sadaka kwa ajili ya misioni, tusiseme hayo ni mambo ya wenye fedha wa Ulaya.

Pili, mlei ana wito kamili. Atiman hakuwa Padri, na hakuona kwamba amepungukiwa. Muuguzi wa zahanati ya kijijini anayeamka usiku kumzalisha mama, bila kumwuliza dhehebu lake na bila kudai chochote chini ya meza, anafanya kazi ileile. Katekista anayetembea vigango vitatu kwa baiskeli mbovu anafanya kazi ileile. Parokia zetu ziwaheshimu watu hawa na kuwatunza ipasavyo wakiwa hai, wasingoje siku ya maziko kuwasifu.

Tatu, biashara ya watu haijaisha. Bado wapo mabinti wanaochukuliwa vijijini kwa ahadi ya kazi za ndani mjini au ng'ambo, wakaishia kunyimwa mshahara, kupigwa na kufungiwa. Aliyekombolewa pale Metlili anatuuliza kama sisi tunamwona mtoto aliyeko mbele ya macho yetu.

Nanyi mtakaoingia katika hospitali ile ya Sumbawanga, mkiwa wagonjwa au mkiwa na wagonjwa, msipite chini ya jina lile bila kulikumbuka. Mwombeeni raha ya milele Adrian Atiman na mkewe Agnes, na mwombeni Mungu atupatie madaktari, wauguzi na makatekista wenye moyo kama wao. Amina.