MUINDI MBINGU, MTU WA VILIMANI

Mwaka huu nimeonelea niwasimulie maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku na watu wasiomjua. Jijini Nairobi kuna barabara inayopita kando ya bustani ya Jeevanjee na soko la City Market. Barabara hiyo inaitwa Muindi Mbingu. Watu huikanyaga asubuhi na jioni, lakini hebu msimamishe mmoja umwulize huyo Muindi alikuwa nani. Atakuna kichwa! Mmoja atakwambia ati alikuwa waziri, mwingine atasema alikuwa tajiri mwenye majumba. La hasha. Muindi Mbingu alikuwa mtu wa vilimani Ukambani, na kilichompa jina ni ugomvi juu ya ng'ombe na udongo. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya jambo ambalo hata sisi halijatuisha: ni nani wa kupanga jinsi kilima kitakavyotumiwa, na ni nani wa kuulizwa kwanza?

Jina lake kamili ni Samuel Muindi Mbingu, na kwao ni Ngelani, katika vilima vilivyo karibu na mji wa Machakos. Ili tumwelewe, yafaa kwanza tuielewe nchi yake. Wilaya ya Machakos siku hizo ilikuwa kubwa sana. Hata Makueni, iliyotengwa mwaka 1992, ilikuwa ndani yake. Watu wengi waliishi kwenye vilima kama vile Iveti, Kangundo, Mbooni na Kilungu, kwani huko mvua ni nzuri kuliko kule chini kwenye nyanda kavu. Mpango wa wazee ulikuwa rahisi: unalima kilimani, na ng'ombe wanapelekwa tambarare kutafuta majani. Shamba likichoka unaliacha lipumzike, unalima kwingine. Mpango huo haukuandikwa popote, lakini kila mtu aliujua.

Basi wakaja Wazungu. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilichora mipaka. Vilima vya Mua, majirani kabisa wa Ngelani, vikapewa walowezi. Nyanda nyingi za malisho zikawekwa nje ya mpaka wa Wakamba, na hata Yatta ikawa si mahali pa kupeleka mifugo bila ruhusa. Watu nao walikuwa wakiongezeka. Sasa fikiria mwenyewe, ndugu msomaji: watu wale wale, ng'ombe wale wale, lakini nafasi imepungua. Shamba litapumzika wapi? Mkulima akapanda juu zaidi, akalima hata mteremko mkali ambao babu yake asingeugusa. Ng'ombe wakala majani mpaka mizizi. Miaka ya ukame ikafuatana na nzige, na mvua kubwa iliponyesha ilikuta ardhi iko uchi. Udongo ukateremka na maji hadi mitoni, nyuma yakabaki makorongo mekundu kama vidonda.

Je, nani alipaswa kulitatua jambo hili? Tangu miaka ya 1920 palikuwa na Baraza la Wenyeji la wilaya, ambalo tunaweza kuliita babu wa mabaraza na serikali zetu za mashinani. Lakini mwenyekiti wa baraza hilo alikuwa Mkuu wa Wilaya, yaani DC, Mzungu. Machifu nao waliwekwa na serikali. Kwa hiyo mwananchi wa Ngelani alipoona uamuzi umetoka barazani, hakuuona kuwa uamuzi wake. Mwaka 1937 mtaalamu wa udongo wa serikali, Colin Maher, aliandika ripoti ya kutisha juu ya hali ya ardhi ya Machakos. Serikali ikaona dawa ni moja tu: ng'ombe wapunguzwe, tena kwa lazima.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mifugo ilihesabiwa, na kila sehemu ikapangiwa idadi ya ng'ombe wanaoruhusiwa kubaki. Waliobaki walitiwa alama, na waliozidi wakapelekwa mnadani. Wakati huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda kinahitaji ng'ombe wengi wa bei rahisi. Hebu jiulize Mkamba aliwaza nini alipoviona vitu hivyo viwili vikija pamoja, amri ya kuuza ng'ombe na kiwanda cha kuwanunua! Ng'ombe kwake hakuwa nyama tu. Alikuwa mahari ya mwanawe, maziwa ya watoto, na akiba ya siku ya njaa. Isitoshe, ng'ombe walikuwa wakipunguzwa ilhali mashamba ya walowezi pale Mua yanaonekana kwa macho kutoka Ngelani. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Waliopanga mambo hayo hawakukilalia kitanda cha Ngelani.

Hapo ndipo Muindi Mbingu alipojitokeza. Mwaka 1938 yeye na wenzake walikuwa viongozi wa chama kilichojulikana kama Ukamba Members Association. Chama hiki kilienea upesi vijijini na kikashirikiana na chama cha Wakikuyu, Kikuyu Central Association, ambacho kilikuwa na uzoefu wa kuandika barua za malalamiko hadi Uingereza. Watu wa Ngelani walikataa kupeleka ng'ombe mnadani. Serikali ikajibu kwa kuwakamata ng'ombe wenyewe, mamia kwa mamia.

Mwezi wa Julai mwaka huo huo watu waliamua kwenda Nairobi kumwona Gavana, Brooke-Popham, uso kwa uso. Si wanaume peke yao! Wake na watoto pia walikwenda, na wote kwa jumla walizidi elfu moja. Hawakuvunja duka wala kumpiga mtu jiwe. Walipiga kambi mjini wakangoja, siku zikawa wiki. Mimi kila nikilifikiria jambo hili nastaajabu. Chakula cha watu wengi hivyo kilihitaji mpango, usafi ulihitaji mpango, na nidhamu pia. Watu ambao serikali iliwaona hawawezi kupanga matumizi ya kilima chao waliweza kupanga maisha ya kijiji kizima katikati ya jiji la wenyewe.

Gavana aliwataka warudi kwao, na mwezi wa Agosti akaenda Machakos kufanya baraza. Lakini neno la kuwaridhisha halikutoka, kwa hiyo ugomvi ukabaki pale pale. Serikali ikaona kichwa cha mambo ni Muindi. Akakamatwa, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amehamishwa kwa nguvu hadi Lamu. Mtu wa vilimani, aliyezoea baridi ya asubuhi na ukungu, akatupwa kisiwani penye joto na chumvi, mbali na watu wake.

Walidhani kwamba nyuki wakimpoteza malkia watatawanyika. Haikuwa hivyo. Serikali ilijua pia kwamba askari wake wengi, katika jeshi na polisi, walikuwa Wakamba, na jamaa zao ndio waliokuwa wakinyang'anywa mifugo. Malalamiko yalikuwa yamefika London. Hatimaye, mwaka huo huo wa 1938 ukielekea ukingoni, uuzaji wa mifugo kwa lazima ukaachwa. Muindi alikuwa kifungoni, lakini watu wake walikuwa wameshinda. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu vya Pili vya Dunia, serikali ilipiga marufuku chama chake pamoja na kile cha Wakikuyu na cha Wataita. Muindi mwenyewe alirudi nyumbani vita vilipokwisha, akaishi miaka michache tu. Mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari, aliuawa.

Wenzangu, wengi wakifika hapa humaliza hadithi: shujaa alipigana na mkoloni, shujaa akashinda, tumpigie makofi. Nami nampigia. Lakini sitakuwa mkweli nikiishia hapo, kwa sababu ng'ombe walirudi, bali udongo haukurudi. Makorongo yalikuwa ya kweli. Hata adui mpe haki yake: yule mtaalamu aliyesema kwamba vilima vinakufa hakusema uongo. Kosa la serikali lilikuwa kuuficha ukweli nusu. Ilisema ng'ombe ni wengi, haikusema ni nani aliyefanya nafasi ikawa ndogo. Ilileta amri, haikuleta mashauri. Ndiyo maana hata ilipobadilisha dawa baada ya vita, ikaamuru watu wachimbe matuta kwa lazima, chuki ilibaki ile ile. Si Ukambani tu. Kule Murang'a, mwaka 1947 na 1948, watu waligoma kuchimba matuta, na akina mama wakawa mstari wa mbele.

Sasa sikilizeni ajabu. Vilima vya Machakos vilikuja kupona, tena vikaponywa na wenyeji! Wakamba wana desturi ya zamani iitwayo mwethya, yaani majirani kusaidiana kazi, leo kwako kesho kwangu. Katika miaka ya 1950 watu walianza kuchimba matuta kwa njia hii, chini ya viongozi waliowachagua wenyewe. Mwafrika naye alikuwa ameruhusiwa kupanda kahawa, na kahawa ya mteremkoni inataka matuta. Mtu akaona faida kwa macho yake. Baada ya uhuru kazi ilipungua kidogo, kisha ikashika kasi katika miaka ya 1970 na 1980, na mradi wa kitaifa wa kuhifadhi udongo uliosaidiwa na Uswidi kuanzia 1974 ukaongeza nguvu.

Hapa sisi wanachama wa Kiswahili tuna la kujivunia. Matuta ya aina hiyo yanaitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima, hata vya Kiingereza. Kazi yenyewe ni hivi: unachimba mtaro unaokata mteremko kwa usawa, bila kupanda wala kushuka. Udongo unaoutoa unaurusha upande wa juu, ukawa tuta. Juu ya tuta unapanda nyasi, ambazo hulishikilia lisibomoke na pia ni chakula cha ng'ombe. Mvua ikinyesha, maji hayapati mbio, na udongo unaoteremka unanaswa na tuta. Miaka ikipita, shamba lenyewe linakuwa ngazi. Ukiurusha udongo upande wa chini, hiyo ni fanya chini.

Kitabu cha utafiti kilichochapishwa mwaka 1994 kilionyesha kwamba watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, ilhali mmomonyoko ulipungua. Wataalamu wa 1937 wangeambiwa hivyo wangecheka. Watu wale wale waliohesabiwa kuwa ndio ugonjwa wakageuka kuwa dawa. Tofauti ni nini? Zamani waliamriwa, baadaye waliamua.

Mimi naona maisha ya Muindi Mbingu yanatuhusu sana sisi vijana. Tangu Katiba ya mwaka 2010, kazi ya kupanga maendeleo ya mashinani ni ya serikali za kaunti, pamoja na kutekeleza sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Katiba hiyo, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, zinataka wananchi washirikishwe mipango inapofanywa. Kwa hiyo DC wa Muindi hayupo tena. Barazani tumeketi sisi. Je, tunakwenda? Mkutano wa kupanga matumizi ya ardhi ukiitwa, wengi hunong'ona kwamba hakuna posho, wakabaki nyumbani. Halafu mtu akichimba mawe ubavuni mwa kilima, au akijenga mahali pa mteremko mkali, tunalaumu serikali.

Sheria pekee haitoshi. Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, yaani ule unaopanda mita 35 kwa kila mita 100 za usawa. Lakini miteremko mingi ya namna hiyo ililimwa tu, kwa sababu mwenye shamba hana kwingine. Hilo ndilo swali alilotuachia Muindi. Ukimwambia mtu ashuke mlimani, umempangia aende wapi? Na upande wa pili, tukinyamaza kwa kuogopa kuwaudhi watu, mlima hautatusubiri. Mwezi wa Novemba mwaka 2019, kule Pokot Magharibi, maporomoko ya ardhi yaliwaua watu zaidi ya 40 usiku mmoja wa mvua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mlima ukishaanguka hauna fundi wa kuujenga.

Basi, wenzangu, tusimkumbuke Muindi kama mtu wa kupinga tu. Alitaka mwenye kilima asikizwe. Nasi tukitaka kusikizwa, sharti tuwe na la kusema: tujue udongo unavyokwenda, tujue mtaro unavyochimbwa, na tuhudhurie mikutano ya wadi yetu tukishapata kitambulisho. Na kabla ya hapo, majembe yapo nyumbani na likizo ni ndefu. Nawatakia masomo mema.