Dkt Nagai: Tabibu aliyedhuriwa na eksirei kabla ya bomu la Nagasaki

WENGI wanaolisikia jina la Dkt Takashi Nagai hudhani kwamba aliuawa na bomu la atomiki lililoangushwa Nagasaki, Japani, Agosti 9, 1945. Ukweli ni kwamba saratani iliyomuua ilikuwa imegunduliwa mwilini mwake kabla ya siku hiyo, naye aliipata kazini, hospitalini.

Nagai alizaliwa mjini Matsue, Februari 3, 1908, na kuhitimu udaktari Nagasaki mnamo 1932. Maradhi ya sikio yalimpunguzia uwezo wa kusikia, hivyo kazi ya kusikiliza vifua vya wagonjwa haikumfaa tena. Akaingia idara ya eksirei. Mwaka wa 1934 alibatizwa kuwa Mkatoliki na kumwoa Midori Moriyama.

Vita vilipopamba moto, filamu za eksirei ziliadimika ilhali wagonjwa wa kifua kikuu walizidi kumiminika. Ikambidi Nagai awakague kwa macho yake kupitia kioo cha mashine, mmoja baada ya mwingine, huku mionzi ikimpenya yeye pia. Hapakuwa na mlipuko wala moshi wa kumtisha mtu. Juni 1945 alipatikana na saratani ya damu, ikakadiriwa kwamba alikuwa amebakisha miaka mitatu hivi.

Bomu lilipolipuka, saa tano na dakika mbili asubuhi, alikuwa hospitalini, umbali wa takriban mita 700. Mshipa wa damu kichwani ulikatika, lakini alifungwa jeraha na kuendelea kuwahudumia majeruhi. Aliporejea nyumbani aliikuta mifupa ya Midori majivuni, rozari ikiwa papo hapo. Watoto wao wawili walinusurika kwa kuwa walikuwa mashambani na nyanya yao.

Kuanzia 1946 hakuweza tena kusimama. Akiwa amelala katika kibanda kidogo, aliandika vitabu, kikiwemo Nagasaki no Kane kilichochapishwa 1949 na kumpa umaarufu mkubwa. Alifariki Mei 1, 1951, akiwa na umri wa miaka 43.

Umaarufu huo, kwa maoni yangu, ndio uliofunika nusu ya kisa chake. Bomu liliufunza umma kuihofia mionzi kama silaha. Ile ya kila siku haikumshtua mtu. Miaka iyo hiyo, maduka ya viatu Marekani na Uingereza yalikuwa yakikagua miguu ya watoto kwa mashine za eksirei!

Ajabu ni kwamba kumbukumbu za afya za manusura wa Hiroshima na Nagasaki ndizo zilizokuja kuwa msingi mkuu wa viwango vya kuwakinga wahudumu wa eksirei. Mnamo 1990, baada ya kumbukumbu hizo kuchanganuliwa upya, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ilipendekeza kiwango cha mfanyakazi kishushwe kutoka milisiveti 50 hadi wastani wa 20 kwa mwaka.

Kibanda cha Nagai, kiitwacho Nyokodo, kingali Nagasaki. Kando yake pana makumbusho yenye jina lake.