Marie Lloyd na Mgomo wa Wachekeshaji

Kuchekesha watu ni kazi, tena kazi ngumu. Mtazamaji hulipa kiingilio chake, hucheka, kisha huenda zake nyumbani. Ni nadra kujiuliza kama yule aliyemchekesha amepata ujira wa haki. Swali hilo liliulizwa hadharani mjini London mwaka 1907, na miongoni mwa walioliuliza alikuwapo mwanamke ambaye yeye mwenyewe hakuwa na shida ya ujira. Mwanamke huyo ni Marie Lloyd.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1870 katika Hoxton, mtaa wa watu maskini wa London, akaitwa Matilda Wood. Alikuwa mtoto wa kwanza wa jamaa kubwa. Baba yake alitengeneza maua ya bandia, na tena alikuwa mtumishi wa mezani katika kilabu cha pombe kiitwacho Eagle. Hapo ndipo binti huyo alipopanda jukwaani mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 15.

Zama hizo wafanyakazi wa Uingereza walikuwa na kumbi zao za starehe, ambamo walikunywa huku wakitazama nyimbo, vichekesho na sarakasi. Marie hakusifiwa kwa ukubwa wa sauti. Silaha zake zilikuwa jicho, tabasamu, na kunyamaza kidogo mahali panapofaa. Kwa hizo, maneno yasiyo na hatia yaligeuka mafumbo, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Walinzi wa maadili walimshutumu sana, lakini walipata taabu kuonyesha neno lenyewe lililo baya.

Kufikia mwanzo wa karne ya 20, kumbi nyingi zilikuwa zimeangukia mikononi mwa makampuni machache. Matajiri hao waliongeza maonyesho ya mchana bila ya kuongeza malipo, na mikataba yao iliwakataza wasanii kufanya kazi katika kumbi za jirani. Basi mwaka 1906 wasanii waliunda chama chao, Variety Artistes' Federation, na Januari 1907 wakagoma, pamoja na wapiga muziki na watumishi wa nyuma ya pazia.

Wahenga wamesema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Marie hakuwa hivyo. Alikuwa katika wale waliolipwa zaidi ya wote, naye aliweza kujichagulia masharti yake. Bali wenziwe wengine walipata kama shilingi 30 tu kwa juma, wala hawakuwa na nguvu ya kubishana na tajiri. Kwa ajili ya hao aliacha jukwaa, akasimama na wagomaji milangoni mwa kumbi, akashiriki katika maonyesho ya kuchangia mfuko wa mgomo. Baada ya majuma mawili hivi shauri lilipelekwa kwa msuluhishi, George Askwith, na uamuzi wake wa mwaka huo uliwapatia wafanyakazi wa kumbi nyongeza ya malipo na masharti bora kuliko ya kwanza.

Mwaka 1912 Mfalme George wa Tano alitazama onyesho kubwa la wasanii wa kumbi hizo, na Marie hakualikwa. Wako waliosema ni kwa sababu ya mafumbo yake. Wako pia waliokumbuka mgomo.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa na raha. Ndoa zake zilivunjika, na mume wa mwisho alimpiga. Hata hivyo hakuacha kazi. Oktoba 1922, akiwa mgonjwa, alicheza katika ukumbi wa Edmonton, akapepesuka jukwaani. Watazamaji wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Tarehe 7 mwezi huo alifariki dunia, mwenye umri wa miaka 52. Maelfu kwa maelfu ya watu walijitokeza kumzika, na mshairi T. S. Eliot aliandika makala ya kumwomboleza.

Heshima hiyo haikutoka kwa wakubwa. Ilitoka kwa watu wa mitaa ya kazi, waliojiona wenyewe katika vichekesho vyake, na waliojua kwamba siku ya shida alikuwa upande wao. Nasi tukishangilia mchekeshaji leo, yafaa tuulize pia: yule mdogo kabisa katika kundi lake, amelipwa nini?