Ramadhani 8: Sewa Haji na chakula cha wagonjwa



Ndugu zangu waumini, leo tumefunga ya nane. Kila aliyewahi kulaza mgonjwa Muhimbili amelisikia jina la Sewahaji. Unaambiwa mgonjwa wako yuko jengo la Sewahaji, unapanda na kapu lako la chakula, wala hujiulizi huyo Sewahaji ni nani. Mimi mwenyewe nilidhani ni jina la mtaa. Kumbe ni mtu, tena mtu wa mwambao wetu huu, na alifariki Unguja tarehe 10 Februari 1897. Ukiigeuza tarehe hiyo kwa kalenda yetu unaangukia Ramadhani ya mwaka 1314, mwezi saba au nane kutegemea mwandamo. Yaani siku kama ya leo. Ndiyo maana nimemweka leo.

Jina lake ni Sewa Haji Paroo. Alizaliwa mwaka 1851. Baba yake alitoka Kutch, Bara Hindi, akafungua duka Unguja na baadaye tawi Bagamoyo. Walikuwa Makhoja wa Ismailia. Najua wapo watakaoniandikia pembeni juu ya hilo. Ya madhehebu yana darsa lake, leo tunasoma sadaka.

Bagamoyo wakati ule, kama Pangani yetu, ndiyo mwisho wa njia ya misafara. Pembe za ndovu zinashuka kutoka bara, vitambaa na shanga na nyaya za shaba zinapanda. Sewa Haji akaingia kijana mdogo katika kazi ya kuandaa misafara: kutafuta wapagazi, kufunga mizigo, kukopesha bidhaa. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, huyu ndiye kijana aliyempatia wapagazi, na Stanley katika kitabu chake amemlalamikia sana kwamba alimchezea hesabu. Sasa Stanley naye si shahidi wa kumtegemea kwa kila jambo, lakini siwafichi. Siwaletei walii. Nawaletea mfanyabiashara wa pwani aliyejua kuvuta upande wake, akatajirika mpaka akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Bagamoyo.

Halafu mali ikaanza kutoka. Mwaka 1892 aliwapa Wajerumani nyumba ya ghorofa pale Bagamoyo iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila rangi wapokelewe. Kumbukeni ni nani hao aliowapa. Ni serikali ile ile iliyomnyonga Abushiri Pangani mwezi wa Desemba 1889, miaka mitatu tu nyuma. Wazee wetu wa Pangani wangekuwa na neno la kusema hapo. Lakini nadhani alipima hivi: mtoto anataka kusoma leo, mgonjwa anaumwa leo, na wenye dola leo ni hawa. Akasaidia pia matibabu Bagamoyo, walipokuwapo mapadri, wala hakuuliza wagonjwa wanasali wapi.

Kisha akatoa fedha ya hospitali Dar es Salaam, kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Wazungu walikuwa na yao, Ocean Road, upepo wa bahari unapiga dirishani. Hospitali ya Sewa Haji ilianza mwaka 1897, mwaka ule ule aliofariki, umri wake miaka 46. Ikatibu watu zaidi ya nusu karne, hadi mwaka 1959 wagonjwa wakawa wamehamia hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo. Jengo lake la zamani likavunjwa. Jina likahama na wagonjwa.

Sasa fikeni hapa polepole, maana hapa ndipo nilipotaka tufike. Alipokufa, aliacha viwanja na majumba yake ya Bagamoyo na Dar es Salaam chini ya serikali, na akaeleza mapato yake yaende wapi: kwa wagonjwa wa ukoma, kwa maskini, na chakula cha wagonjwa waliolazwa katika ile hospitali yake. (Masuala ya wasia na theluthi tutayasoma darsa la alasiri, msinikimbize nayo sasa.)

Chakula, jamani. Mtu ameshajenga, jina lake limeshaandikwa, angeweza kutulia. Yeye akawaza yule aliyelala ndani saa saba mchana, wageni wa ufunguzi wameshaondoka, atakula nini.

Sisi tunapenda sana kuta. Mwambie mtu achangie jengo, atatoa. Mwambie achangie sabuni ya kila mwezi, ananyamaza.

Miaka kadhaa nyuma nilimuuguza baba yangu mdogo katika hospitali moja, jina siliweki. Kitanda cha jirani palikuwa na mzee aliyevunjika nyonga, hana ndugu. Usiku muuguzi mmoja kwa wodi nzima. Bomba la wodini siku nyingine halitoi maji, kwa hiyo mikono inatoka kwenye kidonda cha huyu inakwenda kwa yule. Yule mzee alitakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Nani wa kumgeuza? Alikula pale tu ndugu wa wengine walipobakisha uji, na mwili usio na chakula hauzibi kidonda. Mgongo ukachubuka, ukafunguka, ukaoza. Aliingia na mfupa uliovunjika, akafa kwa kidonda alichokipatia kitandani.

Na mimi nilikuwepo. Kila jioni nilisimama pale nikamsomea dua. Mikono yangu miwili mizima, wala sikumgeuza hata mara moja, kwa sababu sikujua na sikuuliza.

Mwaka jana, mnakumbuka, tulipeleka mashuka hospitalini baada ya Idi. Tukapiga picha. Muuguzi mmoja mama mtu mzima akashukuru vizuri, kisha akaniuliza kwa upole: shehe, na sabuni ya kuyafulia ipo? Sikuwa na jibu. Shuka lisilofuliwa linahamisha ugonjwa wa mtu kwenda kwa mtu.

Na Ramadhani ina shida yake ambayo hatuisemi. Mchana majiko ya nyumba zetu yamezimwa. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, lakini chakula chake kinatoka nyumbani, na nyumbani hakuna anayepika hadi alasiri. Kwa hiyo mtu anayemeza dawa za kula na chakula anazimeza kwa maji matupu, au anaziweka chini ya mto mpaka magharibi. Huyu hakufunga, ameshindishwa njaa.

Kwa hiyo wanaokwenda kuzuru wagonjwa mwezi huu: nendeni wawili watatu, si ukoo mzima. Nawa mikono kabla ya kumsalimia na unapotoka. Usikae kitandani kwake. Mgonjwa asiyejigeuza, muulize muuguzi akuonyeshe namna ya kumgeuza. Na usimpe kitu mdomoni bila kuuliza, hata maji ya kombe. Anayesubiri operesheni akinywa, yakamrudia usingizini yakaingia mapafuni, anaweza kufa mezani. Shehe wenu ndiye anasema, msije mkasema daktari anapinga kombe.

Kuhusu zamu ya uji wa mchana: kina mama wa Ngamiani wamekubali kupika kuanzia keshokutwa, na tumeongea na wauguzi juu ya nani anakula nini, maana wa sukari hatumpi uji wa sukari. Unga upo. Kinachopungua ni mkaa, sabuni ya kufulia, na mtu mwenye bajaji wa kupeleka vyombo saa sita na nusu. Aliye tayari amwone bilali leo baada ya tarawehe, na aseme ni kwa muda gani: wiki, mwezi, au hata baada ya Idi.