Comenius, mwalimu wa muji wa Leszno

Wandugu wanafunzi, mmoja wetu akipoteza kaye moja mbele ya mitihani, analia sawa mutu aliyefiwa. Basi, musikilize habari ya mwalimu huyu.

Jan Amos Comenius alizaliwa mwaka wa 1592 katika Moravia, leo sehemu ya inchi ya Cheki. Alibaki yatima akiwa mutoto, na Kilatini alianza kwa kuchelewa, akiwa na miaka 16 hivi. Kiisha akawa mchungaji katika kanisa la Ndugu wa Bohemia. Lakini vita ya dini ikaanza, Waprotestanti wakateswa. Alipokuwa anajificha, bibi yake na watoto wao wawili wakafa kwa tauni.

Mwaka wa 1628 akavuka mupaka, akakimbilia Leszno, muji mudogo wa Polandi. Wenye muji, jamaa ya Leszczyński, walikaribisha Waprotestanti waliofukuzwa kwao. Wakimbizi walifuma nguo, wakafanya biashara, na muji ukakua. Comenius akafundisha pale, na nyuma yake akawa mukubwa wa masomo. Siku zile watoto walikariri Kilatini kwa fimbo, bila kufahamu. Yeye akataka mutoto ajue kwanza kitu, pamoja na jina lake. Mwaka wa 1631 akatoa kitabu Janua linguarum reserata, nacho kikatafsiriwa kwa luga mingi.

Mwaka wa 1655 jeshi la Uswidi likaingia Polandi. Mfalme wao alikuwa Mprotestanti, na Leszno ikapokea askari wake. Comenius mwenyewe akaandika kumsifu. Kumbe, alikosa! Katika mwezi wa 4, mwaka wa 1656, Wapolandi wakauchoma muji. Nyumba ya Comenius ikaungua, na ndani yake kamusi ya Kicheki na Kilatini, kazi ya zaidi ya miaka 40.

Alikuwa na miaka 64. Akafika Amsterdam mikono mitupu, akashika kalamu tena. Mwaka wa 1658 kikachapwa Orbis pictus, kitabu chake cha watoto chenye picha kwa kila somo. Akafa mwaka wa 1670, akazikwa Naarden, katika Uholanzi.

Leszno ilijengwa tena. Leo chuo cha juu cha muji ule kinaitwa kwa jina lake. Basi, wewe uliyepoteza kaye, omba ya mwenzako, uanze kunakili leo jioni.