SERONEY, WAKILI ASIYENYAMAZA

Sisi wa Sigor tunajua uchungu wa ardhi. Nenda Kericho uone chai ya makampuni inavyotanda, halafu urudi kwenye vishamba vyetu. Ndiyo maana nimechagua kuwasimulia habari za marehemu Jean-Marie Seroney, wakili Mnandi.

Enzi hizo mawakili Waafrika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Seroney angekaa zake ofisini achume pesa, lakini wapi! Aliingia siasa, akawa mbunge mwaka 1961. Mwaka 1969 alitoa Azimio la Nandi Hills, kwamba ardhi ya Nandi ni ya Wanandi. Wapo waliouona huo ni ukabila. Akashtakiwa kwa uchochezi, akatozwa faini, lakini wapiga kura wa Tinderet hawakumtupa.

Mwaka 1975 akawa Naibu Spika. Mwezi wa Oktoba Martin Shikuku alidai kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Akatakiwa athibitishe. Seroney, akiwa kitini, akaamua kuwa jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Muda si muda wote wawili wakakamatwa Bungeni, wakatiwa kizuizini bila kesi.

Aliachiliwa Desemba 1978. Mwaka 1979 aligombea tena Tinderet, akashindwa na Henry Kosgey. Alifariki mwaka 1982.

Wenzangu mnaotaka uwakili, mimi nawauliza hivi: mkishapata hiyo kazi, mtamtetea nani?